Ukimaliza QT unaenda wapi? Hesabu inayoanzia mlango wa chuo

"Mwalimu, niandikie yale masomo ambayo watu wanafaulu."

Sentensi hiyo naisikia kila Januari tangu nianze kufundisha madarasa ya jioni. Safari hii aliyeisema alikuwa binti wa miaka 19, mtoto mgongoni, kalamu ya kuazima mkononi. Shule aliiacha akiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani, na sasa alikuwa anajiandikisha QT, mtihani wa walioachia shule njiani. Nikamwuliza anataka kuwa nani. "Nesi," akajibu papo hapo. Kwenye karatasi yake alikuwa ameshaandika Kiswahili, Kiingereza, Uraia, Historia, Jiografia, Biolojia na Hisabati. Kemia haipo. Fizikia haipo.

Karatasi ile ingebaki vile, angesoma miaka miwili, angefaulu vizuri tu, na kozi ya uuguzi isingempokea. Na hakuna ambaye angekuwa amemwonea.

Tunapozungumzia vijana wanaosoma nje ya shule za kawaida, mazungumzo mengi huishia kwenye kuwatia moyo: usikate tamaa, elimu haina mwisho, fulani naye alianzia hapo. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila kijana wa njia hii huwa hajapungukiwa moyo. Mtu anayetoka kuuza genge saa kumi na moja jioni akaja kukaa kwenye benchi hadi saa mbili usiku moyo anao. Kinachomkosa ni mtu wa kumpigia hesabu kwa kuanzia mwisho: chuo unachokitaka kinadai nini, na kwa hiyo leo uandike somo gani. Shuleni hesabu hiyo hupigwa na mfumo wenyewe, hata mwanafunzi asipojua. Huku nje usipoipiga wewe haipigwi.

Kwa hiyo tuipige. Nazungumzia Tanzania Bara.

Kwanza tutenganishe majina

Mtaani "anasoma QT" limekuwa jina la kila kitu kinachofanyika bila sare: tuisheni, darasa la kituo, hata kurudia mtihani. Hapo ndipo watu wanapoanza kupotezana.

QT ni Mtihani wa Maarifa unaotungwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Unamhusu mtu aliyemaliza darasa la saba lakini hana matokeo ya kidato cha pili, na unapima mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukifaulu unapata ruhusa ya kujiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ambaye wengi tunamwita PC. Ruhusa hiyo ndiyo faida yake yote. Wapo wazazi wanaosubiri majibu ya QT ili waanze kumtafutia mtoto chuo, na kila mwaka lazima umwambie mtu mzima kwa upole kwamba bado kuna mtihani mmoja mbele. Kwa upande mwingine, aliyefaulu kidato cha pili ndipo akaacha shule hahitaji QT kabisa. Anakwenda moja kwa moja kujisajili kidato cha nne. Naye aliyekwisha kufanya kidato cha nne akarudi kwa ajili ya masomo aliyoanguka, huyo anarisiti.

Darasa ni jambo jingine. Unaweza kufanya mtihani bila kuhudhuria darasa lolote, ingawa sikushauri. Mwenye historia ndefu hapa ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, iliyopewa sheria yake mwaka 1975. Katika mpango wake wa sekondari, hatua ya kwanza hubeba kidato cha kwanza na cha pili, na hatua ya pili hubeba cha tatu na cha nne, kila hatua mwaka mmoja. Miaka minne imekunjwa kuwa miwili. Hiyo ni habari njema kwa mwenye miaka 19, na ni mzigo pia, nitarudi hapo.

Mlango wenyewe haukuwa wazi siku zote. Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba hatarudi. Novemba 2021 Serikali ikageuza msimamo kwa Waraka wa Elimu Namba 2, uliowaruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi katika mfumo rasmi. Wengi hata hivyo hawakutaka kurudi kukaa dawati moja na watoto waliowaacha darasa la tano. Wakachagua vituo vya TEWW, ambako mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliokopeshewa dola milioni 500 na Benki ya Dunia mwaka 2020, umewagharimia wasichana wasome bila ada. Wengine wamekwenda vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile 54 ambavyo mpango wake ulianza mwaka 1975, ambavyo baadhi vina sehemu ya kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Kama una mdogo wako mwenye kichanga, anza kuuliza huko. Sehemu ya kumlaza mtoto huamua mahudhurio kuliko ubora wa mwalimu, na mimi ni mwalimu.

Alama, na tofauti isiyosemwa

Ufaulu wa kidato cha nne uko hivi: A ni alama 75 na kuendelea, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44. Chini ya 30 ni F. Madaraja hutokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Zikifika 34 au 35 ni sifuri.

Sasa tazama hili. Mwanafunzi wa shule huingia chumba cha mtihani akiwa na alama za maendeleo zilizokusanywa tangu kidato cha pili, nazo ni 30 kati ya 100. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Mtihani wake ni 100 zote. Mwanafunzi wa shule aliyejikusanyia 20 kati ya zile 30 anahitaji 10 tu kwenye zile 70 zilizobaki ili apate D. PC anazitafuta 30 zote siku hiyohiyo, kwenye karatasi hiyohiyo, na kama usiku wake mtoto alikuwa na homa, basi.

Ndiyo maana namwona mwalimu wa kituo anayefundisha kwa kunukulisha notsi kama mtu anayewapunja wanafunzi wake. PC anahitaji kujaribiwa kwa saa, mara nyingi, kwa maswali ya miaka iliyopita, tena ajibu kwa Kiingereza, maana ukiacha Kiswahili karibu kila karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Vituoni tunafundisha kwa Kiswahili ili waelewe, jambo jema kabisa, halafu tunasahau kuwavusha. Kijana anaweza kukueleza usanisinuru vizuri kuliko wewe, akapata F kwa sababu hakujua swali linamtaka aeleze au ataje.

Cheti ni kimoja. Tofauti utaiona kwenye namba ya mtihani tu: ya shule huanza na S, ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Kuna vijana wanaona haya na hiyo P kana kwamba ni alama ya kovu. Vyuo vinaangalia masomo.

Milango na funguo zake

Turudi kwa binti wetu na karatasi yake. Tuseme angefanya yale masomo saba aliyoyaandika, akapata C katika sita na F ya Hisabati. Hiyo ni C sita mara pointi 3, jumla 18, ongeza 5 za F: pointi 23, daraja la tatu. Mtaani wangemchinjia kuku.

Sasa mchukue mwenzake aliyefanya Kemia, Fizikia, Biolojia, Kiswahili, Kiingereza, Uraia na Hisabati. Kapata C ya Kiswahili, F ya Hisabati, na D katika matano yaliyobaki. Pointi zake 28, daraja la nne. Nyumbani hawakusema kitu.

Wakifika mlango wa chuo cha uuguzi, anayeitwa ni wa pili. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, unataka kwa uuguzi ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza ya heri. Ufaulu maana yake D. Simaanishi kwamba D zitatosha kupata nafasi, kwa sababu waombaji ni wengi na chuo kitachagua walio juu. Ila bila Kemia hata foleni hupangi.

Wala yule wa kwanza hakuharibikiwa. Ana C za kutosha kwenda kidato cha tano, ambacho hutaka C tatu kwenye masomo yanayounda tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu makuu: Historia, Jiografia na Kiswahili, kwa mfano. Angeweza kuishia kuwa mwanasheria mzuri tu. Amefaulu vizuri sana kwenda mahali ambapo hakutaka kwenda.

Kozi nyingine nyingi za cheti, kama uhasibu, utawala au maendeleo ya jamii, hukubali ufaulu wowote wa masomo manne yasiyo ya dini. Ndiyo ile "D nne" unayoisikia. Famasia hutaka Kemia na Biolojia. Uhandisi hutaka Hisabati na sayansi zake. Mwongozo huo hutolewa kila mwaka, ni bure, na unasomeka kwenye simu, ingawa umeandikwa kwa Kiingereza kikavu cha ofisini. Mimi huwataka wanafunzi waufungue darasani wiki ya kwanza, watafute kozi wanayoitaka, kisha wanakili masharti yake kwenye jalada la nyuma la daftari kwa mkono wao. Ni zoezi la nusu saa. Kila mara kuna mmoja anayenyamaza ghafla, akaomba kubadilisha masomo.

Shida ya kweli ni kwamba sayansi ina mtihani wa vitendo, na vituo vingi havina maabara. Kwa hiyo kituo humshauri mwanafunzi achukue masomo ya sanaa, kwa sababu ndiyo yanayofundishika kwa ubao na chaki. Ushauri huo unakifaa kituo zaidi ya mwanafunzi. Kuna njia ya kupita: kwenda kuzungumza na mkuu wa shule ya sekondari iliyo jirani, kuomba maabara siku za Jumamosi, kuchangia gharama za kemikali, na kumlipa mtaalamu wa maabara kidogo. Imewahi kukubaliwa nilipofundisha, na imewahi kukataliwa pia. Lakini kituo ambacho hakijawahi hata kuuliza hakina haki ya kumwambia mtu kwamba unesi haumfai.

Jambo jingine la mlangoni: mwanafunzi wa shule hujaza fomu ya machaguo, halafu Serikali inampangia kidato cha tano au chuo. PC hapangiwi. Matokeo yakitoka Januari lazima aombe mwenyewe, chuo kwa chuo, au kwa kozi za afya kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Nimeona wenye sifa nzuri wakisubiri "kuitwa" hadi dirisha likafungwa. Vyuo vingi huanza masomo Septemba au Oktoba, hivyo kati ya matokeo na chuo kuna miezi kama minane mitupu. Hiyo miezi hupoteza watu kuliko mtihani wenyewe. Biashara inakolea, mimba ya pili inaingia, mtu anahama mji. Kituo kinachojali huendelea kumpigia simu mhitimu wake hadi amevuka geti la chuo.

Mlango ambao watu huupita bila kuuona

Hapa nitasema jambo ambalo halipendwi. Si kila anayekuja kujiandikisha QT anaihitaji QT.

Kijana anayetaka kuwa fundi umeme, mchomeleaji au fundi magari anaweza kuomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akiwa na elimu ya darasa la saba. Mafunzo yana ngazi tatu za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, NVA 1 hadi 3, na ada ya serikali katika kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa wanaosoma kutwa na Sh120,000 kwa bweni. Kumweka huyo miaka miwili kwenye Uraia na Historia kwanza, ili "awe na cheti cha form four", ni kumchelewesha kwa ajili ya heshima ya wazee.

Hofu ya wazazi ni kwamba VETA ni kichochoro kisicho na mwisho. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Siku hizi mwenye NVA 3 anaweza kuendelea na cheti cha ufundi na stashahada katika fani yake, ingawa masharti hutofautiana kozi kwa kozi, na vyuo vingine hutaka pia ufaulu kidogo wa kidato cha nne. Hata mwongozo wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwa wanaoingia shahada kwa stashahada hutaka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne au NVA 3 hata kama ufaulu huo haufiki manne. Mstari mmoja mdogo, na wengi hawajawahi kuusikia.

Kwa yule ambaye tayari ni fundi wa miaka mingi gereji na hana karatasi yoyote, kuna urasimishaji wa ujuzi: wataalamu wa VETA wanampima kwa anachokifanya, wanamfunza pale anapopungukiwa, anapewa cheti. Upo pia uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya chuo na karakana ya mwajiri. Serikali imekuwa ikiufadhili kwa awamu kupitia wizara yenye dhamana ya kazi, na nafasi hutangazwa kisha hujaa haraka.

Mtaala ulioanza Januari 2024 nao umekuja na mkondo wa jumla na mkondo wa amali kwa sekondari. Angalau mgawanyo wa "wenye akili" na "mafundi" umeanza kuonekana wa kizamani.

Ngazi ya kufika chuo kikuu

Aliyeanzia QT anaweza kufika shahada kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kidato cha sita, ambako hutakiwa ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi 4.0. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. D mbili, au C na E, zinatimiza. Ya pili ni stashahada: unaanza na cheti cha ngazi ya 4, unapanda ya 5 hadi ya 6, ambayo ndiyo stashahada, na ukitoka na GPA ya 3.0, yaani wastani wa B, unaomba shahada katika fani hiyo.

Kwa watu wa njia mbadala napendelea hii ya pili. Kidato cha sita ukikiharibu unabaki na karatasi isiyo na soko. Ngazi za chuo zina vituo vya kushukia: hata ukiishia cheti, una cheti cha kazi.

Ila kuna mtego. Kufaulu stashahada unahitaji GPA ya 2.0 tu. Kijana anaona wenzake wanaridhika na 2.4, naye anaridhika, halafu akitaka shahada anaambiwa hatoshi. Kwa huyo kuna mwaka wa kozi ya msingi, faundesheni, katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, unaowapokea wenye stashahada ya GPA kuanzia 2.0 na wa kidato cha sita waliopata angalau pointi 1.5 katika masomo mawili, nao humaliza kwa kutakiwa GPA ya 3.0. Ni mlango halali, lakini ni mwaka mzima na ada nyingine. Afadhali kujua tangu muhula wa kwanza kwamba shabaha yako ni B.

Na muhula wa kwanza ndio unaoangusha. PC aliyezoea mtihani mmoja wa mwisho anafika chuoni anakuta alama zinaanza kuhesabiwa wiki ya tatu: jaribio, kazi ya kikundi, ripoti, wasilisho mbele ya darasa. Yeye bado anajiandaa kana kwamba mtihani ni ule mmoja wa Novemba. Akishtuka ana sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, na sapu zikizidi anadisko, anaondolewa chuoni. Kwa hiyo pale kituoni lazima tuanze kumzoesha: ripoti ya kurasa mbili iliyochapwa kwenye kompyuta, kusimama dakika tano na kueleza jambo, kusoma sura nzima ya kitabu peke yake. Vijana wa njia hii wana jambo moja linalowapa nguvu kuliko wa shule: wameshazoea kujisimamia. Mwanafunzi aliyelelewa na kengele akifika chuoni hana wa kumwamsha. Huyu alijiamsha miaka miwili.

Ada isisahaulike. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wa stashahada katika fani zilizoteuliwa, zikiwemo za afya, uhandisi, ualimu, usafirishaji, madini na kilimo. Maneno ya mtaani kwamba bumu, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi, ni la chuo kikuu peke yake yamepitwa na wakati.

Majina

Hili lingepaswa kuwa la kwanza kwenye makala, maana huwaliza watu wazima.

Darasa la saba aliandikwa kwa jina la mjomba aliyekuwa akimlea. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa baadaye kina jina la baba. NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, waliandika la tatu tofauti na vyote viwili, au herufi moja ilirukwa. Usajili wa mtihani ukifanywa bila kuangalia, cheti cha kidato cha nne kinatoka na jina moja, na kuanzia hapo kila ofisi inataka kiapo: Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali anayesajili vizazi, mfumo wa ajira wa Serikali unataka namba ya NIDA na vyeti vinavyosoma sawa. Kurekebisha kabla ya usajili ni safari chache. Baada ya vyeti vitatu kutoka ni fedha, mwanasheria na miezi.

Mimi siku ya usajili huwataka walete karatasi zote, nazipanga mezani moja chini ya nyingine, nawaambia wazisome kwa sauti. Inachekesha mwanzoni. Kisha mtu anasoma "Mwanahawa" na chini yake "Mwanaawa", na kicheko kinakatika.

Kuna namba nyingine ya kukumbuka mbele ya safari. Mhitimu wa stashahada anayeomba shahada huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, AVN, na haiji yenyewe. Unaiomba, na chuo chako kiwe kimeshapeleka matokeo yako. Dirisha la udahili halimsubiri aliyekuwa hajui.

Kazini

Kwa upande wa kazi nitasema kifupi, kwa sababu aliyejipanga vizuri kwenye yaliyotangulia huku anapita kwa urahisi zaidi. Swali linalowaogopesha ni lile la pengo: "Kati ya 2018 na 2022 ulikuwa wapi?" Vijana hujaribu kulificha. Niliwahi kumsikia mmoja, tukifanya mazoezi ya usaili, akijibu kwamba alikuwa "anajiendeleza". Nikambana. Kumbe miaka ile minne aliuza samaki, akipokea mzigo alfajiri, akikopesha mama lishe watano na kukusanya fedha yake kila Ijumaa bila kitabu. Tukaiandika hivyo kwenye wasifu wake: manunuzi, mikopo, ukusanyaji wa madeni. Alikuwa akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya mikopo midogo. Walimwita.

Kuhusu yule binti wa unesi: nilimpa simu yangu, akasoma masharti kwa kidole, taratibu, neno kwa neno. Alipofika kwenye Kemia akaniangalia. Akafuta Historia, akaandika Kemia. Akafuta Jiografia, akaandika Fizikia, herufi zikimtoka kubwa kuliko zile za mwanzo.

"Na maabara, Mwalimu, ni siku gani?"

Nikamwambia Jumamosi saa nne asubuhi, shule ya jirani, aje na koti jeupe kama analo. Kama hana, aje hivyohivyo.